Je, Wajua? Gemu Iliyogoma Kuingia Haikudanganyi

Mstari wa usakinishaji umefika asilimia 87, unasimama, halafu kinatokea kisanduku kidogo: data ina kasoro, faili limeharibika, au namba kavu tu kama 23. Wengi huanza upya papo hapo. Ikigoma mara ya pili, wanaolaumiwa ni waliotengeneza gemu. Mara ya tatu ni Windows. Siku ya nne kompyuta iko kwa fundi inapigwa Windows upya. Lawama hizo zinakwenda kila mahali isipokuwa pale panapostahili. Kisakinishi, yaani programu inayofungua mzigo wa gemu na kuupanga kwenye diski, ni miongoni mwa programu chache za nyumbani zinazokagua kila biti inayopita mikononi mwao. Kinapokataa, mara nyingi huwa kimeona jambo ambalo programu nyingine zimelipita bila kushtuka. Gemu kubwa za leo zinakifanya kipimo hicho kiwe kikali zaidi: Red Dead Redemption 2 kwenye kompyuta huhitaji nafasi ya GB 150, ambazo ni biti trilioni 1.2, na kila moja inatakiwa ifike ilivyotoka kiwandani.

Mkaguzi mwenyewe ni hesabu inayoitwa kwa kifupi CRC. Mmarekani W. Wesley Peterson ndiye aliyeibuni, ikachapishwa mwaka 1961, wakati kompyuta zilikuwa za kujaza chumba. Msingi wake ni hesabu ya shule ya msingi: gawanya, kisha tazama baki. Chukua 7,452,318 uigawe kwa 97. Baki ni 2. Mtu akikosea kunakili tarakimu moja, ikawa 7,452,818, baki linakuwa 17, na kosa limejulikana bila kuhitaji kuilinganisha namba nzima na ya awali. Kwa kuwa 97 ni namba tasa, hakuna tarakimu moja unayoweza kuibadili katika namba ile baki likasalia 2. CRC hulichukua faili zima kama namba moja ndefu ya sifuri na moja, hulipitishia mgawanyo wa aina hiyo (usio na kukopa wala kubeba, ndiyo maana ni mwepesi kwa mashine), kisha hutunza baki lenye biti 32. Waliofunga mzigo huliandika baki hilo ndani yake; kisakinishi hulipiga hesabu upya wakati wa kufungua, na yasipolingana kinasimama. Baki hilo dogo hunasa kila kosa la biti moja, na kila kosa la mfululizo usiozidi biti 32. Uharibifu wa kubahatisha una nafasi moja tu katika 4,294,967,296 ya kumpita mkaguzi huyu. Phil Katz alipotoa muundo wa ZIP mwaka 1989 aliiweka CRC hii ndani yake, na hitilafu namba 23 ya Windows ni ya ukoo huohuo: kilichosomwa kwenye diski hakikulingana na CRC yake.

Mtu anaweza kuuliza: biti moja katika trilioni ina uzito gani hata gemu nzima ikataliwe? Swali ni la haki, maana picha isiyobanwa ikipotoka biti moja, nukta moja tu itabadilika rangi na hakuna jicho litakaloiona. Lakini gemu haisafirishwi ikiwa wazi, inabanwa. Njia nyingi za kubana data zinatokana na kazi ya Abraham Lempel na Jacob Ziv ya mwaka 1977: badala ya kurudia maneno yaleyale, faili lililobanwa linaagiza kwamba rudi nyuma hatua kadhaa, nakili herufi kadhaa. Biti moja ya agizo hilo ikigeuka, kifunguzi kinarudi mahali pasipo sahihi, kinanakili kitu kisichohusika, na maagizo yanayofuata yanajengwa juu ya kosa hilo. Ni kama kumwelekeza mgeni Kariakoo ukakosea kona ya kwanza: kona zote zilizobaki ni sahihi, na hazimfikishi popote. Kisakinishi kikinyamaza, gemu itaingia, kisha itazima katikati ya hatua ya sita bila maelezo yoyote. Mimi naona ni afadhali kukataliwa mlangoni.

Pingamizi linalosikika zaidi ni hili: kompyuta yangu haina tatizo, inacheza filamu, inafungua mtandao, inaandika barua, kwa nini ionekane mbovu kwenye gemu tu? Jibu ni kwamba kazi hizo haziiulizi kompyuta maswali magumu. Filamu ikipoteza biti kadhaa huonyesha doa kwa sehemu ya sekunde na kuendelea. Kufungua mzigo uliobanwa sana ni kitu kingine kabisa: kichakataji kinafanya kazi kwa nguvu zote, joto linapanda, na mamia ya megabaiti za RAM yanaandikwa na kusomwa tena na tena kwa dakika nyingi. Chipu ya RAM yenye kijumba kimoja dhaifu inaweza kukaa miaka bila kugundulika hadi siku gemu kubwa itakapokitumia kijumba hicho. Na hapa pana kipimo ambacho mafundi wazuri hukitumia bila kufungua hata skrubu moja. Jaribu usakinishaji mara tatu na uandike unakwama wapi. Ukikwama kwenye faili lilelile kila mara, shuku mzigo wenyewe au diski ulikohifadhiwa. Ukikwama leo kwenye asilimia 31, kesho 64, halafu 50, mzigo hauwezi kulaumiwa, kwa sababu faili lililolala kwenye diski halibadilishi mahali lilipovunjika. Kinachobadilika ni mashine, na mshukiwa wa kwanza ni RAM. Windows inacho kipimo chake cha RAM. Andika mdsched kwenye sehemu ya kutafutia, kisha iache kompyuta ijiwashe upya na kujichunguza.

“Lakini faili hilihili limekubali kwa rafiki yangu.” Huo ni ushahidi mzuri, ila unathibitisha kwamba nakala ya rafiki ni nzima, si kwamba nakala yako ni ileile. Kati ya kompyuta mbili pana safari, na mara nyingi gari lake ni flashi. Zipo flashi sokoni zilizochezewa zijitangaze kuwa na nafasi kubwa kuliko chipu iliyomo. Hupokea data bila kulalamika, na nafasi ya kweli ikijaa zinaandika juu ya data ya mwanzo au kuitupa inayofuata. Jina la faili linaonekana, ukubwa wake ni sahihi, ndani ni uchafu. Flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa faili wa FAT32 ina tabia ya uungwana zaidi: faili linalozidi baiti 4,294,967,295 inalikataa waziwazi. Kwa sababu hiyo, mizigo mingi ya gemu hugawanywa vipande vya chini ya GB 4, na kipande kimoja kikisahaulika wakati wa kunakili, usakinishaji utaanza vizuri na kufia njiani.

Kuna wanaosema walizima antivirasi na gemu ikaingia, kwa hiyo habari za CRC ni nadharia tu. Kweli hutokea. Antivirasi inaweza kulinyakua faili wakati linafunguliwa, na kisakinishi kikirudi hakilikuti. Ila dalili zake ni tofauti: mara nyingi utaona hitilafu namba 5, yaani kuzuiwa ruhusa, au faili kutoonekana, na antivirasi yenyewe huacha kumbukumbu ya ilichokamata. Isome kwanza kabla ya kuizima, hasa kama gemu ni ya wizi, maana CRC haikuundwa kumzuia mwenye nia mbaya. Anayepandikiza virusi hupiga hesabu ya baki jipya na kuliandika, na mkaguzi atampigia saluti.

Hoja hii ina mipaka yake, na haifai kuivuta kupita kiasi. Hitilafu namba 112 haihusiani na uharibifu. Diski imejaa, na wengi hawaielewi kwa sababu hawajui kwamba mzigo uliobanwa, faili za muda na gemu iliyofunguliwa huweza kuhitaji nafasi kwa wakati mmoja. Kisa cha kusikitisha zaidi ni cha gemu za katikati ya miaka ya 1990: nyingi zilikuwa za biti 32 zenyewe, lakini visakinishi vyake viliandikwa kwa biti 16, na Windows ya biti 64 haiendeshi kabisa programu za biti 16. Sidii ni nzima, gemu ni nzima, mlango ndio uliokufa. Windows 11 hutolewa kwa biti 64 pekee.

Kwa mengine yote, ipime nakala kabla ya kumaliza bando ukipakua upya. Fungua dirisha la amri, andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Utapata mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Ulinganishe na ule uliotangazwa na mwenye gemu, au na wa nakala ya rafiki iliyokubali. Kisha irudie amri hiyo kwenye faili lilelile bila kuligusa: majibu mawili yakitofautiana, peleka kompyuta ikapimwe RAM na diski, na gemu iache kwanza.