Intaneti ya Chama: Mfereji Mmoja kwa Wanachama Wengi



Katika ukaguzi wa vyama vya msingi vya tambarare iliyo chini ya Moshi, nimezoea kukuta hati za malipo zilizoandikwa "nauli ya kwenda mjini, mtandao". Katika chama kimoja zilikuwapo karibu kila juma, na wajumbe wa Bodi walikwisha kumdhania Katibu kuwa mwizi. Nilipomwuliza alijibu kwa upole, "Ndugu Mkaguzi, hapa simu inapiga, lakini taarifa haiendi." Nililinganisha tarehe za hati zake na tarehe ambazo taarifa zilipokelewa. Zilipatana zote.

Kupiga simu na kupeleka taarifa ni mambo mawili. Sauti huhitaji njia nyembamba mno. Lakini taarifa za mfumo wa MUVU wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, pamoja na mihtasari na vielelezo vilivyopigwa picha, ni mzigo mkubwa. Tuchukue mzigo wa megabaiti 50. Kila baiti ni biti 8, hivyo ni megabiti 400. Njia ipitishayo nusu megabiti kwa sekunde itautumia kwa sekunde 800, yaani zaidi ya dakika 13. Na ikikatika dakika ya 12, aghalabu kazi huanza upya. Njia ya megabiti 20 huumaliza kwa sekunde 20.

Mkulima wa Mabogini hahitaji maneno mengi katika jambo hili. Tangu Mradi wa Umwagiliaji wa Lower Moshi uanze kazi mwaka 1987, anajua kwamba mto kuwa na maji si sawa na jaruba kupata maji. Walio juu wakifungua yote, wa chini hubaki na tope. Mnara wa simu nao ndivyo ulivyo: uwezo wake hugawanywa kwa wote wanaoutumia wakati mmoja, na aliye mbali nao hupata sehemu iliyo dhaifu. Ndiyo sababu taarifa hupita alfajiri, na saa tatu za usiku, vijana wanapotazama mpira, hukwama.

Mto wenyewe haujakauka. Waya wa SEACOM wa chini ya bahari ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umefika mikoani. Mwezi Agosti 2022 Shirika la Mawasiliano Tanzania (TTCL) lilifikisha intaneti ya kasi Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, yaani juu ya vichwa vyetu. Sisemi hivyo kwa kijicho. Ila yafaa ieleweke kwamba kizuizi si mlima wala umbali. Huko juu wapo watalii, na mtandao hujengwa upesi panapolipa. Serikali ililiona jambo hilo ilipounda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote kwa sheria ya mwaka 2006, kwa ajili ya sehemu ambazo wafanyabiashara hawazikimbilii. Mkulima mmoja mmoja hailipi kampuni kumfuata. Chama kizima huenda kikalipa.

Mwanachama anunuaye kifurushi cha siku hununua kwa rejareja, kama anunuaye mbolea kwa kopo. Chama kinaweza kununua kwa jumla njia moja ya mwezi, iletwayo kwa redio: antena moja mjini, nyingine juu ya paa la ghala, zitazamane pasipo mti wala jengo kati yake. Tambarare yetu yafaa sana kwa kazi hiyo. Kwa mfano tu, njia ikigharimu shilingi 150,000 kwa mwezi na wanachama wakiwa 300, fungu la kila mmoja ni shilingi 500. Wilayani Kondoa, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dodoma walisaidia kuanzisha mtandao wa jamii uliotumia masafa ya televisheni yaliyokuwa wazi, ambayo hupenya miti vizuri zaidi. Sisi sidhani kama tunayahitaji, maana mji u karibu.

Kabla ya kutia sahihi, gharama iingizwe katika makisio na kuidhinishwa na mkutano mkuu. Mkataba utaje kasi ya chini kabisa inayohakikishwa, kwa kuwa maneno "hadi megabiti 20" hayamfungi muuzaji hata kwa megabiti moja. Aulizwe pia njia hiyo inagawanywa kwa wateja wangapi. Chama kikitaka kuwatoza wanachama kwa matumizi yao, hapana budi kwanza kiulize Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), kwani kuuza huduma ya intaneti huhitaji leseni. Kisha zamu zipangwe kama za maji: asubuhi ya ofisi, mchana ya wanachama, na filamu zizuiliwe siku za kupeleka taarifa.

Mlingoti wa antena uunganishwe na ardhi kwa waya wa shaba kabla ya radi za masika. Na nywila iandikwe, ifungwe katika bahasha na kuwekwa katika sanduku la fedha. Nimekagua chama ambacho Katibu alihama, nywila ikahama naye, na Bodi ikakaa miezi miwili ikimtafuta.