Kuambiana mambo ya moyo kule iniversite



Mwaka kesho, kama egzama inakwenda vizuri, sisi wa mwaka wa sita tutaondoka hapa. Kila mtu anatuambia juu ya vitabu na minervale. Hakuna anayetuambia juu ya usiku. Mkubwa mmoja aliyetoka kwetu aliniambia kama mwaka wake wa kwanza alikuwa anakaaka macho mpaka saa tisa ya usiku, akifikiri ni yeye peke yake mjinga katika darasa lote. Kumbe mwenzake wa kitanda cha pili alikuwa vilevile! Walilala chumba kimoja miezi mine bila kuambiana.

Njo sababu naandika juu ya matunzo ya kikundi. Mwaka 1905, kule Boston, Marekani, dokita Joseph Pratt alikuwa na wagonjwa wa kifua kikuu, watu maskini. Aliwakusanya kila juma ili awafundishe mapumziko na hewa safi, na kila mmoja alileta kitabu kidogo alimoandika mambo ya siku zake. Alitaka tu kuwafundisha wengi mara moja. Halafu akaona kama kule kukaa pamoja, wenye shida moja, kunawatia nguvu.

Dokita mwingine wa Marekani, Irvin Yalom, aliandika kitabu kikubwa juu ya kazi hii mwaka 1970. Anaonyesha kama mtu anaponaka kwa sababu nyingi, na moja ni ile ya mkubwa wetu: kuona kama si wewe peke yako. Nyingine inanipendeza zaidi: yule anayesaidia mwenzake anapata nafuu yeye mwenyewe.

Katika iniversite nyingi kikundi ni watu wachache, walewale kila juma, pamoja na mtu aliyejifunza kazi hiyo. Maneno ya pale yanabaki pale. Si kesi, hakuna anayehukumiwa. Si mahubiri pia (walimu wanisamehe), maana sisi tunapendaka kumshauri mtu mbele hajamaliza kusema.

Kuna pia wanafunzi wanaosaidiana bila dokita. Mwaka 1970, katika iniversite ya Essex, Uingereza, ilianza Nightline: usiku, wakati ofisi zimefungwa, mwanafunzi anapiga telefone na mwanafunzi mwenzake anamsikiliza. Hawaulizi jina. Wanafundishwa kwanza, kwa sababu kusikiliza ni kazi ya kujifunza. Baadaye ilifika Paris pia.

Lakini hapa tuangalie sana. Mwenzako si dokita. Mwaka jana rafiki mmoja aliniambia kama hataki kuishi tena, akaniapisha ninyamaze. Nilinyamaza siku mbili, nikifikiri njo urafiki. Siku ya tatu nilimwambia mwalimu mmoja. Rafiki alinikasirikia juma zima. Leo tunakula sahani moja. Siri ya mtihani ao ya nyumbani, ichunge. Ile ya kufa, usiichunge hata saa moja: tafuta mkubwa, na usimwache mwenzako peke yake.

Wale wa mwaka wa sita wanaotaka kujaribu kabla ya egzama, tukutane siku ya posho saa kumi, darasa la mwisho. Watu 8 tu, na mwalimu mmoja amekubali kukaa nasi. Wa tisa na wengine wangojee juma linalofuata, tutafanya kikundi cha pili.