Mlio wa Masikioni

Leo tunazungumzia mlio wa masikioni: ile sauti ya nyenje, ya filimbi, ya birika linalochemka au ya mngurumo, ambayo mtu huisikia ilhali hakuna kitu kinacholia. Huzidi usiku nyumba ikinyamaza. Wengi huificha kwa kuogopa kuambiwa wamerukwa na akili au wamerogwa. Si wazimu, wala si uchawi. (Anayesikia maneno, yaani watu wakisema naye, hilo ni jambo jingine, mpeleke kliniki ya afya ya akili.)

Mlio ni dalili, si ugonjwa wenyewe. Ndani kabisa ya sikio mna seli zenye vinyweleo vidogo mno, kama 15,000 hivi kila sikio, zinazopokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Zikifa hazioti tena. Ubongo ukikosa sauti uliyoizoea hujitahidi kuitafuta, kama vile unavyoongeza sauti ya redio stesheni ikififia, na unachopata ni mkwaruzo tu. Ndiyo maana mlio huwapata sana wazee waliopungukiwa na usikivu, na waliofanya kazi miaka mingi penye makelele: kinu cha kusaga unga, karakana ya jua kali, matatu yenye muziki wa kutikisa viti.

Wakati mwingine sababu ni nyepesi: nta imejaa sikioni, nayo huondolewa na mhudumu wa afya kwa muda mfupi. Usichokoe kwa kijiti cha kiberiti, pini wala kijiti cha pamba. Utaisukuma ndani zaidi, na waweza kutoboa kiwambo cha sikio. Mafuta ya moto, mkojo na mafuta taa visiingie sikioni kamwe.

Dawa nazo huchangia. Kwinini, na aspirini nyingi, huleta mlio ambao mara nyingi huisha dawa ikikoma. Sindano za gentamisini na streptomisini zaweza kuharibu usikivu usirudi tena. Mlio ukianza ukiwa kwenye dawa, usiiache kwa uamuzi wako, lakini mwambie daktari au muuguzi siku hiyo hiyo.

Mama mjamzito, masikio yakivuma pamoja na kichwa kuuma sana, macho kuona maluweluwe au uso kuvimba, nenda hospitali mara moja upimwe shinikizo la damu. Upungufu wa damu pia waweza kuleta mvumo. Wengine wa kukimbizwa ni aliyepoteza usikivu ghafla, hata kama ni sikio moja, kwani matibabu hufaa zaidi siku za mwanzo, aliyepinda uso, na aliyeumia kichwa. Mlio unaodunda sambamba na moyo, ulio sikio moja tu, au unaoandamana na usaha au kizunguzungu, uchunguzwe bila kukawia.

Mtoto mara nyingi hasemi, maana hudhani kila mtu husikia hivyo. Muulize.

Na ukishapimwa ukaambiwa hakuna cha kutibu? Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Ni kweli hakuna kidonge kilichothibitishwa kuumaliza mlio, na anayekuuzia dawa kwa ahadi hiyo anakula pesa zako. Lakini ubongo hujifunza kuupuuza, kama anayeishi kando ya barabara kuu anavyoacha kuyasikia malori. Usikae kimya kabisa ukiusikiliza kuona kama umezidi. Usiku washa redio kwa sauti ya chini, chini kidogo ya mlio wenyewe. Aliyepungukiwa na usikivu, kifaa cha kusaidia kusikia humpunguzia mlio pia mara nyingi. Ushauri nasaha wa kubadili namna ya kuufikiria mlio umewasaidia wengi kulala na kutulia. Chai yako si lazima uiache, ila ya usiku ikikunyima usingizi, ipunguze.

Ikiwa ni mama mkwe au babu unayemtunza, usimwambie ni mawazo yake. Keti mbele yake akuone mdomo, sema polepole bila kupiga kelele, na umshirikishe katika mazungumzo ya jioni. Akisema kwamba amechoka na maisha kwa sababu ya mlio huo, usimwache peke yake, na umpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.