Uduvi wa Busia na tezi inayoumba dume

Gunia la dagaa likifunguliwa sokoni Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, Mkenya ataita omena, Mganda ataita mukene, na wote wawili watamchambua uduvi aliyejichanganya humo. Waluo humwita ochong'a. Huvuliwa pamoja na dagaa, na mara nyingi huishia katika chakula cha kuku. Katika Ziwa Victoria heshima yake ni nyingine: sangara walipowafyeka furu miaka ya 1980, uduvi huyu, Caridina nilotica, alizaana mno hata sangara wenyewe wakageuka kumtegemea.

Mgeuze mmoja chali. Ukiona mayai yamegandana kwenye vijiguu vya kuogelea, huyo ni jike. Na dume je, huwaje dume? Kwa binadamu kromosomu Y huanzisha kazi, korodani zikaimaliza. Kwa jamii ya uduvi, kamba na kaa, korodani hazina ubwana huo. Mwaka 1954 Mfaransa Hélène Charniaux-Cotton alieleza tezi ndogo iliyojibanza mwishoni mwa mrija wa manii. Jike akipandikizwa tezi hiyo, huanza kugeuka dume. Homoni yake, ajabu, ni ndugu wa insulini.

Huko Israeli, timu ya Amir Sagi wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion iliinyamazisha jeni ya homoni hiyo kwa kamba dume wachanga. Kwa kamba hao, ambao ni wa aina kubwa ya mtoni, jike ana kromosomu ZW na dume ZZ. Wachanga wale wakakua majike kamili, ilhali kromosomu zao ni ZZ. Wakipandwa na dume wa kawaida, watoto wote huwa madume, ambao ndio hukua wakubwa. Mfugaji wa tilapia wa Busia au Tororo anaielewa tamaa hiyo, maana naye hutafuta vifaranga madume watupu, kwa kawaida waliolishwa homoni. Kwa kamba, anayeuzwa hajalishwa homoni wala kupachikwa jeni ngeni. Kwangu mimi hiyo ni njia safi zaidi.

Katika bwawa la mfugaji huyo wa tilapia, lililotiwa samadi, huishi dafnia, kikrasteshia kisichozidi punje ya mtama. Jike huzaa mabinti bila dume, mpaka chakula kipungue au msongamano uzidi. Hapo huzaa wana wa kiume wenye jeni zilezile za mama. Watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2011 kwamba tofauti ni jeni moja, doublesex, kuwashwa. Madume hao hurutubisha mayai yenye ganda gumu, yanayoweza kukaa katika tope kavu hadi mvua irudi.