Nafasi ya Swapu: Akiba ya Seva Yenye Kanzidata

Kompyuta ina kumbukumbu za aina mbili. Ya kwanza ni kumbukumbu ya kazi, iliyo ya haraka lakini ndogo. Ya pili ni diski, iliyo kubwa lakini ya polepole. Sehemu ya diski inayotengwa kupokea data inayozidi kumbukumbu ya kazi huitwa nafasi ya swapu. Mbinu hii si ngeni: kompyuta ya Atlas, iliyozinduliwa katika Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, mwaka 1962, ilitumia mpango wa namna hiyo.

Tuchukue mfano wa Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, ambako pamba ni zao kuu la biashara. Tuseme seva moja inatunza kanzidata ya mauzo ya wakulima, nayo ina kumbukumbu ya kazi ya gigabaiti 16. Mfumo endeshi unatumia 2, kanzidata imetengewa 8, na kila karani aliyeunganishwa anahitaji megabaiti 20. Makarani 200 wanahitaji gigabaiti 4. Jumla ni 14, na kazi inakwenda vyema. Msimu wa ununuzi ukifika, makarani wakawa 400, jumla ni 18. Gigabaiti 2 zimekosa mahali.

Pasipo swapu, mfumo wa Linux hulazimika kusimamisha programu mojawapo, na mara nyingi ni ile inayotumia kumbukumbu nyingi kuliko zote, yaani kanzidata yenyewe. Malipo yaliyokuwa yakiandikwa hukatika, na mkulima hubaki akisubiri penye mizani.

Swapu ikiwa kubwa mno, kuna hatari nyingine. Kusoma kumbukumbu ya kazi huchukua takriban nanosekunde 100. Diski ya kuzunguka huchukua takriban milisekunde 10, yaani mara 100,000 zaidi. Seva haizimiki, lakini kila ombi hukawia, na msimamizi huchelewa kutambua kiini cha tatizo.

Kanuni ya zamani ya kuweka swapu mara mbili ya kumbukumbu ilifaa wakati kumbukumbu ilipokuwa ndogo na ghali. Kwa kanzidata yake, kampuni ya Oracle hushauri swapu iliyo sawa na kumbukumbu ya gigabaiti 2 hadi 16, na gigabaiti 16 tu kumbukumbu ikizidi hapo. Pasipokuwa na sharti kama hilo, gigabaiti 4 zingetosha katika mfano wetu: 2 za kuziba upungufu, na 2 za tahadhari.

Hata hivyo, swapu humpa msimamizi muda tu. Haiongezi nguvu ya seva. Ikitumika mfululizo, dawa ni kuongeza kumbukumbu au kupunguza makarani wanaounganishwa kwa wakati mmoja. Wanafunzi na wapige hesabu: katika mfano wetu, ni makarani wangapi wanaoweza kuhudumiwa bila kugusa swapu kamwe?