Rangi Haijirudii: Kwa Nini Uchukue Malipo ya Kwanza Kabla ya Kutia Uzi Rangi

Ukipita Soko la Toi asubuhi, kutoka upande wa Ngong Road hadi ndani kuelekea Kibera, utaona kila aina ya mitumba: viatu, mapazia, jaketi, na milima ya masweta. Wengi huchagua sweta la kuvaa. Lakini kuna wale hawaangalii mtindo kabisa. Wanageuza sweta ndani nje, wanasoma lebo, wanavuta mshono kidogo. Hao wananunua uzi.

Kufumua sweta la mtumba, kulitia rangi upya kwa mkono na kufuma zawadi ni njia nzuri ya kuanza duka dogo la uzi ukiwa na mtaji mdogo. Kofia na soksi za mtoto mchanga, skafu ya baridi ya Julai, shali ya nyanya: vitu hivi vina wateja. Shida ni kwamba biashara hii inaweza kuonekana inaenda vizuri, kumbe inakula mfuko wako polepole. Leo tuangalie inavyofanya kazi, na pale ambapo simu yako inaweza kukuokoa.

Anza na sweta linalofumuka

Si kila sweta linatoa uzi. Angalia mshono wa ubavuni. Ukiona kingo zimekatwa na kuzungushiwa nyuzi nyembamba za cherehani, liache. Kitambaa chake kilikatwa kwa makasi, kwa hivyo utapata vipande vifupi vifupi tu. Tafuta lile ambalo kingo zake ni nzima na zimeunganishwa kwa mshono unaofunguka kama mnyororo. Hilo litafumuka mstari kwa mstari.

Kisha angalia ni uzi wa nini. Hapa wengi hupoteza pesa. Rangi za mimea tutakazotaja hapa hushika vizuri kwenye sufu. Kwenye akriliki hazishiki inavyofaa, hata uchemshe hadi makaa yaishe. Kama lebo imetoka, choma kipande kidogo cha uzi kwa uangalifu, mbali na bidhaa zako. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na majivu yake husagika kwa vidole yakipoa. Akriliki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi.

Chagua sweta jeupe au la rangi ya maziwa. La kijivu litakupa rangi iliyofifia, na jeusi halitabadilika.

Jikoni: maganda ya vitunguu na shabu

Hii kazi si ngeni Kenya. Wanawake wa Nanyuki Spinners and Weavers wamekuwa wakisokota sufu kwa mkono na kuitia rangi za mimea tangu miaka ya 1970. Wewe unaweza kuanza na kitu ambacho kila mama mboga anatupa, maganda makavu ya vitunguu. Muombe akuwekee kwenye mfuko wiki nzima.

Njia yenyewe ni hii:

1. Pima uzi wako ukiwa mkavu. Andika uzito.
2. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini. Usisugue, sufu itajishika na kuwa kama blanketi.
3. Yeyusha shabu kwenye maji ya moto, gramu 10 kwa kila gramu 100 za uzi. Shabu ndiyo inashikilia rangi isitoke. Weka uzi humo, pasha moto polepole kwa saa moja bila kutokota kwa nguvu, kisha acha upoe.
4. Kwenye sufuria nyingine chemsha maganda kwa saa moja, uzito wake uwe karibu sawa na wa uzi. Chuja.
5. Ingiza uzi kwenye maji ya maganda, moto wa chini, dakika 45 hadi saa moja. Acha upoe humo humo ndani ya sufuria. Ukiutoa ukiwa moto na kuuweka kwenye maji baridi, utarudi na kukunjamana.
6. Suuza, kamua taratibu, anika kivulini. Ning'iniza kitu kizito kidogo chini ya uzi ili mikunjo ya kufumuliwa inyooke.

Utapata manjano ya dhahabu hadi rangi ya chungwa iliyoiva. Tafadhali, sufuria ya rangi isirudi kupika ugali.

Hapa ndipo pesa huingia

Tulijaribu kazi hii sisi wenyewe tukiandaa makala haya. Mara ya kwanza tulipata chungwa safi sana. Tukaona uzi hautatosha skafu, tukapika sufuria ya pili, maganda kutoka kibanda kile kile, shabu ile ile. Ikatoka manjano. Nzuri, lakini si sawa. Skafu yetu ina mstari katikati kama barabara iliyowekwa lami nusu.

Hiyo ndiyo sheria ya rangi za mkono: haijirudii. Maji hubadilika, maganda hubadilika, moto hubadilika. Kwa hivyo uzi wote wa oda moja lazima utiwe rangi sufuria moja, siku moja, na uongeze kama gramu 10 hadi 15 kwa kila 100 kwa tahadhari.

Sasa fikiria maana yake kwa mfuko wako. Hauwezi kununua uzi kidogo kidogo mteja akilipa kidogo kidogo. Gharama yote ya vifaa inatoka siku ya kwanza. Na mteja akibadilisha mawazo, umebaki na rangi ambayo yeye ndiye aliichagua. Ndiyo maana tunasema malipo ya kwanza yaingie kabla sufuria haijapanda jiko.

Hesabu ya "ni zawadi tu"

Mteja anakuja kibandani: "Sista, si unifumie skafu na kofia kwa thao moja? Ni zawadi tu." Kabla ya kujibu, piga hesabu. Huu ni mfano, weka bei zako mwenyewe:

- Sweta moja kubwa la sufu: Sh350
- Shabu na sabuni: Sh180
- Makaa: Sh120
- Sehemu ya kodi ya kibanda: Sh150
- Kufumua, kutia rangi na kufuma, saa 20 kwa Sh100: Sh2,000
- Faida ya kukuza duka: Sh400

Jumla ni Sh3,200. Ukikubali Sh1,000, toa vifaa Sh650 na kibanda Sh150. Unabaki na Sh200 kwa saa 20. Hiyo ni shilingi 10 kwa saa. Mteja anapeleka zawadi, lakini aliyeitoa ni wewe.

Hauhitaji kugombana naye. Mwambie kofia peke yake inaanzia bei gani, au umwonyeshe skafu nyembamba. Punguza kazi, usipunguze saa zako.

Jinsi ya kuchukua malipo ya kwanza bila aibu

Tunajua ni ngumu kumwomba jirani au mtu wa chama alipe kabla hajaona kitu. Lakini fundi wa nguo huomba, fundi wa makochi huomba. Wewe pia ni fundi.

*Omba nusu.* Kwa mfano wetu ni Sh1,600. Inalipia vifaa vyote na kukuachia Sh950 ya kuanzia kazi.

*Tumia namba ya tili ya biashara, sio namba yako ya kibinafsi.* Pesa ya oda ikiingia pamoja na pesa ya unga na ya nauli, jioni hautajua ni ipi ya nani. Ikiwa kando, ukiangalia salio unaona duka lako linasimama wapi.

*Tuma masharti kabla ya malipo.* Ujumbe mfupi unatosha, kwa mfano: "Skafu na kofia, rangi ya chungwa, Sh3,200. Malipo ya kwanza Sh1,600. Rangi ya mkono inaweza kutofautiana kidogo na picha. Ukighairi kabla sijatia rangi nakurudishia zote. Baada ya hapo nakata gharama ya vifaa. Itakuwa tayari Ijumaa wiki ijayo." Akijibu "sawa", kila mmoja anajua anachotarajia.

*Hakikisha kwenye simu yako.* Usiamini ujumbe ulio kwenye simu ya mteja, wala picha ya ujumbe aliokutumia kwa WhatsApp. Subiri SMS ya uthibitisho ifike kwako, kisha angalia salio. SMS bandia pia hufika, lakini salio halipandi. Na hakuna mfanyakazi wetu atakayekupigia kukuuliza PIN. Akiuliza, kata simu.

*Andika kodi ya muamala kwenye daftari la oda,* pamoja na jina, uzito wa uzi na tarehe. Piga picha ya ukurasa huo kila jioni.

Kwa nini picha ya daftari?

Wafanyabiashara wa Toi hawahitaji kuambiwa. Soko hili liliungua Machi 2019, na likaungua tena Oktoba 2024. Uzi, mbao na karatasi ni kuni tu moto ukishafika. Kibanda kikiungua na daftari ndani, unapoteza bidhaa, halafu unapoteza hata kumbukumbu ya nani alikulipa na nani anakudai.

Simu haiwezi kuzima moto, na orodha ya miamala haikurudishii sufu yako. Lakini inakuonyesha ni wateja gani walilipa, kiasi gani na siku gani. Unaweza kumpigia kila mmoja kesho yake na kumwambia ukweli: "Oda yako iliungua, malipo yako nimeyaona, nipe wiki tatu." Mtu anayepigiwa simu kama hiyo ni rahisi kusubiri kuliko anayekuja kukuta majivu na kimya. Pia ukienda kwa chama au kwa mkopeshaji kutafuta pesa za kuanza tena, una kitu cha kuonyesha kwamba duka lilikuwepo na lilikuwa linauza.

Wiki hii fanya hivi

Chukua oda moja tu. Piga hesabu yake yote kama tulivyofanya hapo juu, ukijumlisha saa zako. Tuma masharti, pokea nusu kwenye tili, andika kodi, halafu ndiyo uwashe jiko. Ukimaliza, kata kipande kidogo cha ule uzi na ukibandike kwenye ukurasa wa oda hiyo. Rangi yenyewe haitarudi tena, lakini mteja akirudi kutaka "ile ile", utakuwa na cha kumwonyesha, na atajua kwa nini skafu ya dada yake itakuwa tofauti kidogo.