Je, Wajua? Somo Lililokatwa Vipande
Mwaka 1971, shule za Austin, Texas, zilipoanza kuchanganya watoto Weupe, Weusi na wenye asili ya Meksiko, ugomvi ulitanda madarasani. Mwanasaikolojia Elliot Aronson na wanafunzi wake wakaligawa somo vipande. Katika kikundi cha watoto watano au sita, kila mmoja alipewa kipande kimoja tu. Alikijadili kwanza na wenzake wa vikundi vingine wenye kipande hichohicho, kisha akarudi kuwafundisha wa kwake. Mtihani ulihusu somo zima! Hata mtoto aliyechekwa kwa kubabaika na Kiingereza ilibidi asikilizwe, tena kwa subira, na hilo ndilo ninalolithamini zaidi. Chuki ilipungua. Alama za watoto wa jamii za wachache zilipanda. Za Weupe hazikushuka.